Jamaa ya Kuku

Watoto, katika Sandoa na vijiji vya kando ya mto Lulua, kuku huonekana karibu kila uani. Hawafungwi kamba, wala hawachungwi kama mbuzi. Asubuhi hutoka, mchana hupekua udongo na kutafuta mchwa, na jioni hurudi wenyewe. Mtu asiyewatazama vizuri hufikiri kwamba kila mmoja huenda apendavyo. Sivyo. Kuku wana jamaa yao, na jamaa hiyo ina wakubwa na wadogo.

1. Wazee wao wa porini

Kuku wetu wametokana na kuku wa mwitu wa misitu ya Asia, upande wa kusini-mashariki. Kuku hao wa mwitu wako hata leo. Hukaa katika makundi madogo: jogoo mmoja mkubwa, mitetea kadha wa kadha, na pengine majogoo wadogo wanaomwogopa yule mkubwa. Usiku hulala juu ya miti, ili wanyama wasiwakamate. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, wako kuku wengi wasio na mwenyewe, wanaojitafutia chakula msituni na barabarani. Basi, ukiona kuku wa kwenu anaruka juu ya mwembe jua likichwa, usishangae. Anafuata desturi ya wazee wake.

2. Nani hula kwanza?

Mwaga mahindi kidogo, kisha tulia utazame. Mtetea mmoja huwadonoa wenzake wote, wala hapana amdonoaye. Wa pili humwogopa yule wa kwanza tu, naye huwadonoa waliobaki. Huendelea hivyo mpaka wa mwisho, anayedonolewa na wote. Mtaalamu wa Norwe, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1922.

Utaratibu huu una faida. Kuku wakisha kujuana, hawapigani tena kila siku. Mdogo humpisha mkubwa, na damu haimwagiki. Hujuana kwa kichwa, na hasa kwa undu, ile nyama nyekundu ya kichwani.

Majogoo nao wana vyeo vyao. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba, majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wao huwika kwanza alfajiri. Wengine humfuata, kila mmoja kwa cheo chake.

3. Kazi ya jogoo na kazi ya mama

Jogoo mwema hali peke yake. Akipata mdudu, huita kwa sauti ndogo, humwinua na kumwangusha, mpaka mitetea waje kula. Akiona mwewe angani, hutoa mlio mmoja. Akiona mbwa au mnyama mwingine chini, hutoa mlio mwingine. Hivyo wenzake hujua adui anatoka upande gani, juu au chini.

Mama huatamia mayai siku 21, na huondoka kidogo tu kwenda kula na kunywa. Vifaranga wakikaribia kutoka, hulia wakiwa bado ndani ya yai, na mama huwajibu. Wakisha toka, huwafunika kwa mabawa yake, kwa maana bado hawawezi kujipatia joto la kutosha. Bwana wetu Yesu alijifananisha na kuku huyo, alipoonyesha jinsi alivyowapenda watu wa Yerusalemu. Baada ya miezi miwili au mitatu, mama huwafukuza wajitafutie wenyewe.

4. Kuku mgeni

Sasa sikilizeni jambo la maana. Mtu hununua mtetea sokoni, humleta nyumbani, na humtupa palepale kati ya kuku wake. Mgeni huyo hana cheo. Wote humshambulia. Hukimbia huku na huku, hali, hatagi, na pengine hupotelea porini.

Tena, huenda ameleta ugonjwa wa kideri. Ugonjwa huo waweza kuua karibu kuku wote wa kijiji kwa siku chache. Hapo hapana mayai, hapana kitoweo cha mgeni, wala hapana fedha ya kununua madaftari.

Fanyeni hivi. Mfungieni mgeni mahali pa peke yake, mbali na wengine, majuma mawili au matatu. Akiwa mzima, wekeni tundu lake karibu nao siku chache, wazoee kuonana. Kisha mtoeni jioni, wakati wa kulala. Wekeni chakula mahali pawili au patatu, ili yule wa mwisho naye apate. Na daktari wa mifugo akija na chanjo ya kideri, wapelekeeni kuku wenu wote.

Mungu amewapa kuku desturi zao. Anayezijua huwatunza vema, naye hula mayai yao.

Maswali

1. Kwa nini kuku hupenda kulala juu?
2. Jogoo hufanya nini akipata mdudu?
3. Mama huatamia mayai siku ngapi?
4. Kwa nini kuku mgeni hufungiwa mbali kwanza, ndipo huletwa karibu?
5. Tazama kuku wa kwenu wakila. Ni yupi aliye wa kwanza, na ni yupi wa mwisho?