Kwa nini daktari mtarajiwa asidharau saikolojia

Mwanafunzi anayeota udaktari Tanzania utamjua kwa tahasusi yake: PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtajie saikolojia, wengi wataguna: "Hiyo si ya washauri nasaha?"

Jibu linaonekana vizuri vijijini, kwa mfano huko milima ya Vidunda, wilayani Kilosa.

Chukua mfano huu. Mama anashuka mlimani na mtoto mgongoni mpaka Kidodi, anapanda gari kwenda hospitali Mikumi. Usiku mtoto alikakamaa, akatetemeka, macho yakageuka juu. Nyumbani wanaita degedege. Lakini daktari akimuuliza, mama anajibu tu: "Ana homa."

Kwa nini anaficha?

Sehemu nyingi za Tanzania watu wamekuwa wakiamini degedege huletwa na ndege au pepo apitaye usiku. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Ndiyo maana wengi huanzia kwa mganga. Kumbe mara nyingi ni malaria kali, na kila saa inayopotea inaweza kumuua mtoto au kumwachia madhara kwenye ubongo.

Imani hiyo ya sindano haikutoka hewani. Mtoto akicheleweshwa, akafika hospitali hoi, akachomwa sindano na kufa, waliobaki wanakumbuka sindano. Hawakumbuki siku mbili za kuchelewa. Akili ya binadamu ndivyo ilivyo: huunganisha mambo mawili yaliyofuatana.

Daktari asiyelijua hilo atafoka: "Mlikuwa wapi siku zote?" Mama atanyamaza, na akirudi kijijini atasimulia alivyotukanwa. Anayelijua atauliza kwa upole: "Mama, nyumbani mlidhani ni nini? Mmempa dawa gani?" Hapo ndipo atasikia mtoto alistuka mara ngapi na amenyweshwa mitishamba gani. Hadubini haionyeshi hayo.

Somo kutoka Mahenge

Barabara inayotoka Mikumi, ikapita Kidodi na Kidatu hadi Ifakara, ndiyo pia ya kwendea Mahenge. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa.

Dawa ilikuwepo. Tatizo lilikuwa hofu. Watu waliamini kifafa kinaambukiza, kwa hiyo wagonjwa walitengwa, hata kula walikula peke yao. Wengine waliangukia motoni wakaungua, kwa sababu watu waliogopa kuwagusa.

Dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa miaka. Familia isipoelewa, dozi inaachwa na mgonjwa anaanguka tena. Jilek-Aall alilazimika kusikiliza wenyeji wanaueleza vipi ugonjwa huo, siyo kugawa vidonge tu. Baadaye alibobea katika magonjwa ya akili.

Hata presha inadanganya

Hofu hubadilisha hata vipimo. Wapo watu ambao presha yao hupanda wakiwa mbele ya daktari tu, wakirudi nyumbani inashuka. Kitaalamu huitwa presha ya koti jeupe. Daktari asipoijua, anaweza kumwanzishia mtu dawa za presha asizozihitaji.

Mwaka 1977 daktari wa Marekani, George Engel, aliandika kwamba ugonjwa utazamwe kwa pande tatu: mwili, akili na mazingira anamoishi mgonjwa. Tangu 2015, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari nchini Marekani una sehemu nzima ya saikolojia na jamii.

Kijana wa Vidunda ana mtaji

Kijana aliyekulia Vidunda anaposoma PCB ana kitu ambacho wenzake wa mjini hawana. Anajua bibi yake akisema kwa Chividunda kwamba anaumwa, anamaanisha nini, na anaficha nini. Saikolojia itamsaidia kuufanya ujuzi huo kuwa kazi.

Kwa hiyo kipindi cha saikolojia kikija chuoni, usikitoroke ukakimbilia maabara. Mgonjwa akikuogopa hatakuambia ukweli, na usipoujua ukweli utatibu ugonjwa mwingine.

Na wewe mzazi: mtoto akipata degedege, hospitali kwanza. Ukifika, mweleze daktari kila kitu, hata ile dawa ya mganga.