Nyuki Elfu Ishirini Nyuma ya Gari

Sogeeni, wanangu. Kisa cha gari na nyuki ni kigumu kukitafutia mfano hapa Chundwa. Kisiwani Pate magari ni ya kuhesabu; mzigo hubebwa na punda, mwenye haraka hupanda bodaboda. Basi twendeni Wales, Uingereza, mji wa Haverfordwest, mwezi wa Mei 2016.

Bibi mmoja aliegesha gari lake, akaenda zake madukani. Kumbe huku nyuma nyuki wameshuka, wamegandamana kwenye buti, bumba zima la kahawia linalotembeatembea. Walikisiwa kufika 20,000! Wafuga nyuki wakaitwa, wakawakusanya kwenye boksi, wengine wakadungwa. Bibi akaendesha hadi nyumbani, akalala. Kulipokucha, nyuki hao wako pale pale, nyuma ya gari.

Mtasema gari lilikuwa na jini. Hapana. Mzinga ukijaa, malkia mzee huhama na wafuasi maelfu, na ule wa zamani humwachia malkia mpya. Wahamaji hao hutua popote, hata kwenye tawi la mkoko, wakisubiri wapelelezi watafute makao. Mpelelezi akirudi hucheza: mwelekeo wa ngoma yake huonyesha upande wa kwenda, na urefu wa mchezo huonyesha umbali. Mtaalamu Karl von Frisch, aliyeifumbua lugha hiyo ya nyuki, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Safarini wote hunusa harufu ya malkia. Akipotea, hurudi kumtafuta. Ndiyo maana wale wafuga nyuki walidhani malkia amenasa mahali ndani ya gari. Mimi naona hata harufu aliyoiacha kwenye bati ingetosha kuwazuga.

Nyuki wanaohama hawana asali wala watoto wa kulinda, kwa hiyo mara nyingi huwa wapole. Lakini msiwazoee! Nyuki wetu wa Afrika wana hasira za karibu. Na mmoja akidunga huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hutoka harufu kama ya ndizi mbivu. Wenzake wakiisikia, huja palepale harufu ilipo. Kwa hiyo kwangueni mwiba upesi, kwa ukucha ukibidi, maana kile kifuko huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka.

Dereva wa gari akikutana na nyuki njiani hufunga vioo, akapita taratibu. Wa bodaboda hana kioo cha kufunga. Akiwaona mbele, asimame mbali awaache wapite. Wakishamvamia, afunike uso kwa shati au kikoi, akimbie moja kwa moja hadi nyumba ya karibu na kufunga mlango. Kupunga mikono huwachochea tu.

Na ninyi watoto wa kisiwani najua mnawaza nini: kujitosa baharini. Nyuki huweza kuzunguka juu ya maji wakingoja kichwa kiibuke, na pumzi yenu haitawashinda.

Tena punda msimfunge karibu na mzinga. Mtu atakimbia; punda na kamba shingoni atadungwa pale pale alipo, na nyuki wengi humuua.