Japani milimani: nyumba zipo, mikono imekwisha



Ukitaja Japani hapa kambini, kila mtu anawaza magari na redio. Ni kweli. Lakini karibu robo tatu ya nchi ile ni milima, na huko milimani kuna wakulima wanaoshika jembe la mkono kama sisi. Tena kuna watu wanaotoka mbali kwenda kuwasaidia bila mshahara. Tumeona tuwaandikie habari zao mwezi huu, maana sisi walimu wa kujitolea tunaulizwa kila siku: "Mnapata faida gani?"

Shamba lililosimama

Katika kisiwa cha Shikoku, magharibi ya mkoa wa Tokushima, nyumba zimeshikilia ubavu wa mlima. Shamba jingine lina mteremko wa hadi nyuzi 40. Mzee wetu wa milima ya Uvira au Bururi akiliona hatashangaa sana. Atakachouliza ni hiki: mbona hawajachimba matuta ya ngazi, na udongo haujaisha wote bondeni?

Siri yao ni majani. Kabla ya baridi kuingia wanakata majani marefu ya mlimani, wanayafunga na kuyasimamisha marundo yenye ncha juu, kama vibanda vidogo. Baridi ikiisha wanayakatakata na kuyatandaza shambani. Majani yanashika udongo mvua ikinyesha, yanatunza unyevu, halafu yanaoza na kuwa mbolea. Udongo unaoteremka hata hivyo, wanauvuta tena juu kwa jembe la meno. Kila mwaka hivyo hivyo, kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 2018 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, liliandikisha kilimo hicho katika urithi wa kilimo wa dunia.

Na wanapanda nini? Viazi, mboga, soba ambayo unga wake unatengenezwa tambi, na nafaka ndogondogo. Kumbe mojawapo ni ulezi, ule ambao Warundi wanauita uburo! Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ulisafiri kabla yetu, miaka mingi sana, na ukapata mlima wa kuishi.

Kijiji kinabaki na wazee

Baada ya vita kwisha mwaka 1945, viwanda vya miji kama Osaka na Tokyo vilihitaji watu. Vijana wakashuka mlima, mmoja leo, mwingine kesho. Hapo wanatofautiana na sisi: hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni. Lakini mwisho wake umefanana, yaani nyumba imebaki na mlango umefungwa. Leo Wajapani karibu watatu katika kila kumi wana miaka 65 au zaidi. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina mtu. Na shamba likiachwa, msitu unalichukua, kisha nguruwe wa mwitu na tumbili wanasogea mpaka kwenye bustani ya bibi.

Katika bonde la Iya kuna kijiji kinaitwa Nagoro. Shule yake ilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa watoto. Mama wa pale, Ayano Tsukimi, ameshona wanasesere wakubwa kama watu. Kawaweka shambani, kituo cha basi, hata darasani, na sasa wanasesere ni wengi kuliko wakazi. Sisi walimu habari hii ilituuma. Huku watoto wanabanana benchi moja mpaka wengine wanakaa chini. Kule madawati yapo, wanafunzi ni wa kitambaa.

Mapatano ya mgeni na mwenyeji

Mwaka 1971 huko Uingereza, Sue Coppard, aliyekuwa katibu wa ofisi London, alitamani kutoka mjini. Akapanga watu wa mji waende shambani mwisho wa juma, wafanye kazi na kulala huko. Mpango ule ukaitwa WWOOF, ukaenea nchi nyingi, na Japani ikiwemo. Mapatano ni mepesi. Mwenyeji anatoa chakula, mahali pa kulala na mafundisho. Mgeni anatoa mikono yake, mara nyingi saa nne hadi sita kwa siku. Kati yao hakuna anayemlipa mwenzake.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe anapewa mapema zaidi! Kazi inafuata majira: kupanda mpunga, kuchuma chai, kuchimba viazi, kupasua kuni, kukata yale majani, kuanika matunda chini ya paa.

Na adabu ya nyumba anajifunza. Viatu vinabaki mlangoni. Kabla ya kula wanasema "itadakimasu", yaani napokea kwa shukrani. Kuoga, unajisugua kwanza na sabuni pembeni, ndipo unaingia kwenye pipa la maji ya moto. Maji ni yale yale kwa nyumba nzima, basi ole wako uyachafue. Kazi ikiisha wanaambiana "otsukaresama". Sisi tungesema: pole na kazi.

Lakini tusidanganyane. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuwa mtoto wa nyumba. Akiondoka, mteremko unabaki na udongo unaendelea kushuka. Ndiyo maana halmashauri nyingi za Japani zinatoa orodha ya nyumba tupu, ili familia changa zihamie zikae. Faida kubwa ya mgeni ni nyingine: mzee mwenye miaka 80 anapata mtu wa kumwonyesha namna ya kunoa mundu na kufunga rundo. Maarifa ya mikono hayaandikwi yote kitabuni. Yanapita mtu na mtu wakifanya kazi pamoja.

Na sisi hapa?

Mtoto aliyezaliwa kambini hajui kilima cha babu yake. Hajui ni mti gani unazuia maji, wala ikibiri ilikuwaje, jirani wote wanalima kwako leo na kesho kwa mwingine. Wazee wanaojua bado tunao, wako block ile pale, wamekaa mlangoni. Siku ya kurudi kwetu ikifika, au ya kwenda kwingine, tutabeba nini kama hatukuwauliza?

Basi kijana, jitolee kwa mzee mmoja: mchotee maji, mlimie kibustani, huku ukimuuliza. Na wewe mzee, mfundishe, usimtume tu. Na wewe mzazi, kijana wako akitoka kusaidia watu, mbakizie chakula. Hata Japani mtu wa kujitolea halali njaa. Bustani nyuma ya nyumba jaribuni kutandaza mabua ya mahindi na maganda ya maharage mvua zikianza, muone udongo utakavyotulia.

Jambo moja la tahadhari. Hatukuandika haya kwa sababu kuna nafasi za kwenda Japani. Mtu akija kwako na fomu, eti lipa kwanza upelekwe kujitolea ng'ambo, usimpe hata shilingi. Waulize viongozi wa block kwanza.

Maswali ya kuzungumza jioni

1. Nyumbani kwetu tulizuiaje udongo usishuke na mvua?
2. Ni kazi gani ya mikono anayoijua babu au bibi, ambayo hapa nyumbani hakuna mwingine anayeijua?
3. Nani ataanza kujifunza kwake wiki hii?