Mbinu za kuupa wimbo nguvu bila kuua uhai wake

Mnamo Septemba 2008, kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu ya Death Magnetic, na haukupita muda kabla ya mashabiki kuanza kulalamika. Nyimbo hizo zilikuwa zimetolewa pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero. Waliosikiliza matoleo yote mawili walipigwa na butwaa kugundua kwamba sauti ya mchezo ilikuwa safi kuliko ya CD waliyoinunua dukani.

Wanamuziki walikuwa wale wale, ngoma zile zile na magita yale yale. Tofauti ilitokana na jinsi muziki ulivyoandaliwa katika hatua za mwisho. Kwenye CD, sauti ilikuwa imesukumwa juu kiasi kwamba mapigo ya ngoma yalikwaruza masikio. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka albamu itengenezwe upya, naye Ted Jensen, fundi aliyeikamilisha, akaeleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa.

Kisa hicho kingali kinatajwa kila mafundi wa sauti wanapokutana, kwa kuwa swali lililowakwaza waandalizi wa albamu hiyo ndilo linalomkabili prodyusa yeyote, awe Los Angeles au Kisumu. Wimbo utavumaje kwa nguvu sawa na nyimbo za wenzake bila kupoteza uhai wake?

Ili kulielewa tatizo hili, yafaa kwanza kufahamu kwamba sauti iliyohifadhiwa kwa tarakimu ina mpaka wa juu usiovukika. Mafundi huuita mpaka huo sifuri, na viwango vingine vyote huhesabiwa kwenda chini kutoka hapo, ndiposa huandikwa kwa alama ya kutoa. Wimbi la sauti linalojaribu kuupita hukatwa kichwa, na kukatwa huko ndiko msikilizaji husikia kama mkwaruzo.

Mpaka huo ni mfano wa dari la nyumba. Pigo la ngoma ni mtu mrefu ambaye utosi wake unakaribia kuligusa, ilhali mwimbaji, gita na kinanda wamesimama chini yake. Hakuna awezaye kuinuliwa zaidi mpaka yule mrefu ainame. Sikio nalo haliupimi ukubwa wa sauti kwa urefu wa mtu mmoja, bali kwa wastani wa kundi zima. Hii ndiyo sababu nyimbo mbili zenye vilele sawa huweza kusikika mmoja ukinguruma na mwingine ukinong'ona.

Chombo cha kumfanya mtu mrefu ainame huitwa kompresa. Fundi huweka kizingiti na uwiano. Uwiano ukiwa nne kwa moja, sauti iliyokipita kizingiti kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imekipita kwa desibeli 2 pekee. Desibeli 6 zilizookolewa hutumiwa kuuinua wimbo wote. Kwa kawaida, ongezeko la desibeli 10 ndilo sikio la binadamu hulihisi kama sauti iliyoongezeka maradufu, kwa hivyo desibeli 6 si haba.

Limita ni kompresa kali zaidi, isiyoruhusu chochote kupenya mpaka uliowekwa. Ni rahisi kuitumia, na urahisi huo ndio mtego. Fundi aliyechoka usiku wa manane huisukuma kidogo, akapendezwa, akaisukuma tena.

Kupendezwa huko kuna sababu. Mwaka wa 1933, watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio husikia besi hafifu sana muziki unapochezwa polepole, na kwamba upungufu huo hupungua sauti inapopandishwa. Wimbo ule ule ukiongezwa desibeli moja au mbili huonekana kuwa na besi nono na mlio ulio wazi zaidi. Msikilizaji hudhani umeboreshwa, kumbe umepandishwa tu. Yamkini hila hii ya sikio ndiyo iliyochochea zaidi ushindani wa miaka ya 1990, ambapo kila kampuni ya muziki ilitaka CD yake ivume kuliko ya jirani.

Hasara yake hudhihirika taratibu. Pigo la ngoma hupoteza ule mshtuko wake wa mwanzo na kuwa kama kofi lililopigwa kwa mto. Kiitikio, ambacho kilistahili kuchipuka juu ya ubeti, hubaki pale pale ubeti ulipokuwa. Msikilizaji hana neno la kulieleza jambo hilo. Huzima redio tu baada ya nyimbo tatu kwa kuwa masikio yamechoka.

Mpenzi wa benga anaweza kulielewa hili upesi kuliko shabiki wa roki. Katika benga, baada ya waimbaji kutoa maneno yao, huja sehemu ambapo magita hushika usukani, kasi ikapamba moto na wachezaji wakajimwaga uwanjani. Iwapo ubeti tayari umebanwa darini, magita hayo yatapanda kwenda wapi?

Njia bora, basi, ni kuutafuta ukubwa wa sauti mapema, wakati wa kuchanganya ala, badala ya kuiachia limita kazi yote mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kutupa kisichosikika. Mawimbi yaliyo chini ya hetzi 30 hayatolewi ipasavyo na spika nyingi za nyumbani, na simu haziyatoi kabisa, lakini hula nafasi kubwa chini ya dari. Vivyo hivyo, gita na sauti ya mwimbaji huwa na mngurumo wa chini usio na faida, unaotokana na maikrofoni kuguswa au chumba chenyewe. Ukiondolewa kwa kichujio, aghalabu chini ya hetzi 80 au 100, hakuna atakayeukosa, na nafasi itakuwa imepatikana bure.

Ngoma kubwa na gita la besi pia hugombania eneo moja. Fundi stadi huamua ni ipi itatawala chini kabisa na ipi isogee juu kidogo. Kuziacha zipigane, kisha kuzibana zote mbili, ndiko chanzo cha nyimbo nyingi zenye uzito usio na nguvu.

Kwa upande mwingine, sikio la binadamu ni jepesi zaidi kunasa mawimbi ya kati ya hetzi 2,000 na 5,000. Kuongeza kidogo sana katika eneo hilo hufanya wimbo usikike mkubwa zaidi bila vilele kupanda kwa kiasi kama hicho. Kijiko kikizidi, hata hivyo, wimbo hugeuka kuwa msumeno.

Sauti ya mwimbaji nayo yafaa isawazishwe kwa mkono kabla ya kupelekwa kwenye kompresa: neno lililomezwa linainuliwa, mlio uliochomoza unashushwa. Kazi hii inachosha na maprodyusa wengi huikwepa, jambo la kusikitisha, maana hakuna chombo kinachoweza kujua ni neno gani katika ubeti lina uzito.

Kompresa yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi ikitumiwa kidogo kidogo katika hatua kadhaa. Desibeli 2 kwenye sauti, 2 kwenye kundi la ngoma na 1 au 2 kwenye mchanganyiko mzima hazitambuliki kwa urahisi, lakini desibeli 6 zikikatwa kwa mpigo mmoja, kila mtu atasikia. Muda wa kuanza kubana nao ni muhimu. Kompresa ikicheleweshwa kwa takriban milisekunde 30, mshtuko wa ngoma hupita salama kabla ya mlango kufungwa.

Ipo pia mbinu inayopendwa sana na mafundi wa ngoma. Fundi huchukua nakala ya ngoma, akaibana bila huruma, kisha akaichanganya kwa kiasi kidogo chini ya ngoma halisi. Kwa njia hii, kilichokuwa chini ndicho huinuliwa, huku vilele vikibaki karibu vilivyokuwa. Wengine hupitisha ngoma kwenye kifaa kinachoiga joto la kanda za zamani, ambacho huviringisha ncha za mawimbi badala ya kuzikata.

Baada ya hayo yote, limita hubakiwa na kazi ndogo ya kuzuia desibeli 2 au 3 za mwisho. Ni busara kuiwekea mpaka wa desibeli moja chini ya sifuri, kwa sababu wimbo unapogeuzwa kuwa MP3, vilele vyake huweza kuchomoza kuliko vilivyokuwa.

Kipimo cha haki ni kuulinganisha wimbo uliobanwa na ule wa awali zikiwa na ukubwa sawa wa sauti. Ukibanwa kisha ukashushwa hadi kiwango cha mwenzake, je, bado unapendeza? Fundi asiyefanya hivyo anajidanganya kwa masikio yake mwenyewe.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yalitoka nje ya studio. Mwaka wa 2006, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima sauti kwa jinsi sikio linavyoisikia, na kipimo chake leo huitwa LUFS. Mwaka wa 2010, muungano wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya ukapendekeza vipindi vyote virushwe kwa wastani wa -23.

Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zilifuata nyayo. Spotify, kwa kawaida, huuleta kila wimbo karibu na -14. Wimbo uliobanwa hadi -8 hushushwa desibeli 6, ukacheza kwa ukubwa sawa na wimbo uliopumua, isipokuwa sasa ngoma zake zimekwisha kufifia. YouTube pia hushusha nyimbo zilizozidi.

Hii haimaanishi kwamba -14 ni amri. Wimbo wa dansi unaweza kufika -9 na bado ukawa hai, mradi umefikishwa huko kwa ustadi. Isitoshe, faili inayochezwa kutoka flashi ndani ya matatu haishushwi na yeyote, na hofu ya prodyusa kwamba kazi yake itasikika nyonge ikifuata ya mshindani si ya kupuuzwa. Lakini ndani ya matatu kuna kitasa cha sauti, na kondakta anajua kukizungusha.

Kwa mwanamuziki anayelipia studio, ombi moja lina manufaa kuliko yote: akabidhiwe pia mchanganyiko ambao haujapitishwa kwenye limita, vilele vyake vikiwa na nafasi ya desibeli kadhaa chini ya sifuri. Wimbo ulio wazi unaweza kubanwa wakati wowote. Uliokwisha kubanwa hauna njia ya kurudishiwa vilele vyake kama vilivyokuwa.