Kinga Iliyoanguka

Kinga, ambayo vitabu vingine huiita baisikeli, ni chombo cha faida kubwa katika nchi yetu. Mkulima hupakia juu yake mifuko ya mahindi. Mchoma makala huisukuma kutoka msituni mpaka Lubumbashi. Mgonjwa hupelekwa hospitali juu ya kinga, na katekista hufika nayo vijiji ambavyo motokari haviwezi.

Lakini hakuna kinga isiyoanguka. Mtu akianguka, husimama, hujipangusa vumbi, akaona magurudumu yanazunguka, basi hupanda tena na kwenda zake. Kufanya hivyo si akili. Mtu aliyeumia hulia, bali kinga iliyoumia hunyamaza. Hunyamaza leo, hunyamaza kesho, na siku ya tatu hukatika katika mteremko, mzigo ukiwa juu yake. Kwa hiyo, watoto, jifunzeni kuichunguza kinga iliyoanguka, jambo moja baada ya lingine.

1. Kwanza mtu, halafu kinga

Mtu ni bora kuliko chuma. Aliyeanguka akae kitako kivulini. Je, kichwa kinamuuma? Anatapika? Anaweza kukunja mkono na mguu? Kama aligonga kichwa na sasa anasinzia au anasema maneno yasiyo na maana, apelekwe kwa mganga wa hospitali mara moja. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Mambo hayo yakiisha, ndipo tuishike kinga.

2. Uma na mwili wa kinga

Uma ni ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. Gurudumu likigonga jiwe au mti, husimama ghafula. Lakini uzito wa mtu na wa mzigo unaendelea kwenda mbele. Ndiyo sababu mpandaji hurushwa juu ya usukani. Nguvu hiyo yote hupita katika uma, ikausukuma nyuma, kisha ikafika katika mabomba mawili yanayoungana chini ya usukani. Basi anza kutazama hapo.

Simama kando ya kinga. Tazama nafasi iliyopo kati ya gurudumu la mbele na bomba linaloshuka kwenye pedali. Kama nafasi imekuwa ndogo kuliko zamani, uma umerudi nyuma. Kisha pitisha kidole chini ya mabomba, karibu na kichwa cha kinga. Ukisikia kikunjo au kinundu, au ukiona rangi imefanya makunyanzi na kubanduka, ujue chuma chenyewe kimejikunja.

Ufa ni adui mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni mwembamba kama unywele. Ukiona mstari unaoutilia shaka, safisha mahali hapo, upake mafuta ya taa, ungoje kidogo, halafu upanguse mpaka pakauke kabisa. Kisha paka unga wa chaki. Kama ni mkwaruzo wa rangi tu, chaki itabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka tena polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Je, mwili wa kinga umenyoka? Twaa uzi. Ufunge nyuma, upande wa kushoto, pale mwili unaposhika mhimili wa gurudumu. Uvute mbele, uuzungushe kichwa cha kinga, uurudishe upande wa kulia mpaka mahali kama pale pa kwanza. Uzi ukaze sawasawa. Sasa pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikipishana milimita 1 au 2, si neno. Zikipishana milimita 5 au zaidi, mwili umepinda: mpelekee fundi.

Uma wa chuma uliopinda kidogo, usio na kikunjo wala ufa, fundi mwenye vyombo anaweza kuunyosha bila moto, lakini mara moja tu. Uma wenye kikunjo au ufa utupwe. Usikubali kuunganishiwa ufa wa uma kwa moto. Wala vitu vya alumini visinyoshwe, maana alumini iliyopinda ikirudishwa hupasuka upesi.

Kwa nini tuwe wakali hivi? Twaa waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi mahali pamoja. Kwanza hauonyeshi neno, baadaye unakatika ghafula. Ndivyo ilivyo kwa ufa: kila shimo la njia linauongeza kidogo.

3. Usukani

Bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako, utazame kutoka juu. Usukani uwe sawa kama msalaba juu ya gurudumu. Kama umegeuka tu, legeza parafujo ya juu, uurudishe, ukaze tena. Kama wenyewe umepinda sana, nunua mwingine, kwa sababu ukikatika mkononi huna cha kushika.

4. Magurudumu

Inua kinga, uzungushe gurudumu. Kipande cha breki kitakuwa kipimo chako: angalia kama ringi inakikaribia na kukikimbia. Kama huna breki, funga kijiti kwenye uma karibu na ringi.

Kila njiti huvuta ringi upande wake. Njiti za kushoto huvuta kushoto, za kulia huvuta kulia, nazo zikivuta sawasawa gurudumu hunyoka. Kinga nyingi za mizigo zina njiti 32 mbele na 40 nyuma. Kinga nyingine zina 36 kila gurudumu. Bonyeza njiti mbili mbili kwa vidole. Inayolegea imekosa nguvu, iliyokatika ibadilishwe.

Basi, kama ringi imeegemea kushoto mahali fulani, kaza njiti za kulia za mahali hapo, na ulegeze kidogo za kushoto. Geuza nati ya njiti robo ya mzunguko tu, kisha zungusha gurudumu na kutazama tena. Mwenye haraka huharibu. Ukimaliza, toa mpira, uangalie ndani ya ringi: ncha ya njiti iliyotokeza itoboa mpira, basi uisage kwa tupa. Lakini ringi iliyojikunja kama jani kavu haiponi kwa njiti.

5. Mpira

Gurudumu likigonga jiwe kwa nguvu, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na ringi. Hapo utakuta matundu mawili karibu karibu, kama meno ya nyoka. Wengi huziba moja wakasahau la pili. Tia upepo, utumbukize mpira katika maji, utafute mapovu. Kausha, kwaruza kwa msasa, paka gundi, ungoje ikauke hata isishike kidole, ndipo ubandike kiraka na kukigandamiza. Angalia na mpira wa nje: ukiwa na mpasuko unaoonyesha nyuzi, hautadumu.

6. Pedali, mnyororo na breki

Kinga ikianguka ubavu, pedali hupokea pigo. Zungusha pedali kwa mkono. Ikiyumba juu na chini, mhimili wake umepinda. Katika kuitoa, kumbuka jambo hili: pedali ya kulia hufunguliwa kama parafujo nyingine zote, bali pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kutojua hilo.

Mnyororo upite sawa juu ya meno, na katikati yake ucheze sentimita 1 au 2. Ukikaza sana hukatika. Ukilegea sana hutoka. Vipande vya breki viguse ringi peke yake, visiguse mpira.

7. Kujaribu

Shika breki ya mbele, usukume kinga mbele na nyuma. Ukisikia kugonga ndani ya kichwa, vipira vidogo vya chuma vimelegea au vimevunjika. Kisha inua kinga kiasi cha kiganja, uiache ianguke juu ya magurudumu yake. Kila kitu kinacholia kitafutwe na kukazwa. Mwisho, panda polepole uwanjani, bila mzigo na bila abiria. Ikienda sawa, shika breki mara kadhaa. Ndipo uirudishe njiani.

8. Kusema kweli

Tuseme mtoto ametumwa dukani na kinga ya baba yake. Njiani anagonga kisiki. Uma unarudi nyuma kidogo, na ufa unaanza. Mtoto anaogopa kupigwa. Anapangusa matope, anaegemeza kinga ukutani, ananyamaza. Alfajiri baba anapakia mifuko miwili na kushuka mlimani. Nani atamwambia juu ya ule ufa? Kinga haisemi. Mtoto peke yake anajua.

Amri ya nane inatukataza uongo, na amri ya tano inatuamuru tulinde uzima wa mwenzetu. Katika jambo hili amri hizo mbili ni moja. Mwenye kuuza kinga iliyopasuka baada ya kuipaka rangi mpya, naye anakosa vilevile. Aliyeazima kinga akaanguka nayo, amwambie mwenyewe: «Baba, nimeanguka na kinga yako. Iligonga hapa. Tuitazame pamoja.» Pengine atagombezwa. Lakini hasira ya baba huisha jioni, na uma mpya huuzwa sokoni. Bali baba mwenyewe hauzwi sokoni.

Maulizo

1. Kwa nini mpandaji hurushwa mbele kinga inapogonga mti?
2. Namna gani chaki na mafuta ya taa huonyesha ufa?
3. Ringi imeegemea kulia. Utakaza njiti zipi?
4. Pedali ya kushoto hufunguliwa namna gani?
5. Pimeni kwa uzi kinga moja ya mwalimu au ya jirani, kwa ruhusa yake, mwandike hesabu mliyoona.