Daechugo: Kwa nini Wakorea huchemsha kunazi kwa saa kadhaa kabla ya kupika keki za mchele

Ni rojo zito la rangi ya hudhurungi, linanukia tunda lililoiva sana, na linaweza kumweka mtu jikoni nusu siku nzima. Nchini Korea Kusini linaitwa daechugo, yaani rojo la kunazi.

Kwa karne nyingi rojo hili limekuwa likitia utamu na rangi kwenye keki za mchele na vitafunwa vya asili. Leo lina mpinzani ambaye ni wa bei nafuu na wa haraka: sukari iliyounguzwa. Na kwa macho tu, wengi hawawezi kutofautisha.

Hebu tuone rojo hili linatengenezwaje, linafanya kazi gani, na kinapotea nini likiachwa.

Daechu ni tunda gani?

Daechu ni tunda la mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Ziziphus jujuba. Kama umekulia Pwani au Zanzibar, tunda hili sio geni kwako kabisa. Ni ndugu wa kunazi zinazookotwa chini ya mkunazi.

Lakini ndugu sio pacha. Kunazi nyingi za Afrika Mashariki hutoka kwenye Ziziphus mauritiana. Ni ndogo, nyama yake ni nyembamba na ina uchachu. Daechu ni kubwa zaidi na ina umbo la yai dogo. Ikiwa mbichi ina ganda la kijani na hutafunika kama tufaha. Ikiiva inakuwa nyekundu ya kahawia.

Ikianikwa, inakunjamana kama tende. Maji yanaondoka, sukari inabaki. Ndiyo maana watu wengi duniani wanaifahamu kwa jina la tende ya Kichina, na kweli China ndiyo inayolima kunazi hizi kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote.

Huko Korea mavuno huwa Septemba na Oktoba. Wilaya ya Boeun, katika mkoa wa Chungcheong Kaskazini, inajulikana sana kwa daechu kiasi kwamba kila Oktoba hufanya tamasha la tunda hilo. Mji wa Gyeongsan, ulioko mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, nao ni maarufu kwa mashamba yake makubwa ya kunazi.

Rojo linatengenezwaje?

Viungo ni viwili tu: kunazi kavu na maji. Kazi iko kwenye muda.

Kwanza kunazi huoshwa vizuri, kwa sababu vumbi hujificha kwenye mikunjo ya ganda. Kisha huwekwa kwenye sufuria na maji mengi. Kwa nusu kilo ya kunazi, lita mbili za maji ni mwanzo mzuri. Moto ukishachemka unapunguzwa, na sufuria inaachwa itokote taratibu kwa saa mbili au zaidi, mpaka tunda linapondeka ukilibonyeza na mwiko.

Hatua ya pili ndiyo inayochosha mikono. Kunazi hupitishwa kwenye chekeche na kusuguliwa kwa mwiko au kwa kiganja. Nyama inapita chini, maganda na kokwa vinabaki juu. Wapishi wengi huyarudishia maganda hayo maji kidogo na kuyasugua tena, maana nyama nyingi hung'ang'ania hapo. Usiponde kwa mashine ya kusagia kabla ya kutoa kokwa, kwani ni ngumu na ncha zake ni kali.

Hatua ya tatu ni kurudisha kile kilichochujwa jikoni, kwenye moto mdogo, na kukoroga. Mwanzoni ni kama supu, baadaye kama uji, mwisho kama jamu. Ukipitisha mwiko na chini ya sufuria ikaonekana kwa muda kabla rojo halijajifunika tena, limeiva.

Hapa hakuna kuondoka. Rojo likizidi kuwa zito huruka matone ya moto na hushika chini haraka. Likiungua kidogo tu, uchungu unaenea kote na hakuna dawa ya kuuondoa.

Nusu kilo ya kunazi inaweza kukupa vikombe vichache tu vya rojo. Ndiyo maana familia nyingi hupika kwa wingi mara moja, hugawa kwenye vyombo vidogo na kuhifadhi kwenye friza. Kijiko kimoja au viwili ndani ya maji ya moto ni daechucha, chai ya kunazi inayopendwa sana wakati wa baridi.

Linafanya kazi gani ndani ya keki?

Keki za mchele za Korea huitwa tteok. Tofauti na mkate wa kumimina wa kwetu, nyingi hazitiwi hamira. Unga wa mchele uliolowekwa hupikwa kwa mvuke, na nyingine hutwangwa baada ya hapo mpaka zivutike.

Katika tteok, rojo la kunazi linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Linatia utamu. Linatia rangi. Na linaleta unyevu.

Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi wanaisahau. Unga wa tteok ya mvuke hauchanganywi kuwa donge. Unabaki kuwa chembechembe, lakini zenye unyevu wa kutosha ili mvuke uzipitie na kuzishikanisha. Maji yakipungua, keki inatoka kavu na inamegeka. Yakizidi, inatoka nzito kama udongo.

Mfano mzuri ni yakpyeon, keki ya mvuke kutoka eneo la Chungcheong, hukohuko kunakolimwa kunazi za Boeun. Unga wa mchele wa kawaida huchanganywa na daechugo na makgeolli, ambayo ni pombe nyeupe ya mchele. Vyote husuguliwa kwa viganja na kupitishwa kwenye chekeche. Maji ya kawaida huenda yasihitajike kabisa, kwa sababu rojo na makgeolli vimeshafanya kazi hiyo.

Wapishi wana kipimo kisichohitaji mizani. Wanachota unga, wanaufumba mkononi, kisha wanaurusharusha taratibu kwenye kiganja. Ukivunjika, bado ni mkavu. Ukibaki umeshikana, uko tayari.

Sukari kidogo huongezwa mwishoni kabisa, unga ukiwa unakaribia kuingia kwenye mvuke. Ikitiwa mapema huvuta maji na kuufanya unga ugande madonge. Juu hupambwa kwa vipande vyembamba vya kunazi na chesnati, halafu keki hupikwa kwa mvuke kwa dakika kama 20 hadi 25.

Kuna faida nyingine. Tteok huwa ngumu haraka, hasa ikiwekwa kwenye friji, kwa sababu wanga wa mchele hujipanga upya na kukakamaa. Sukari iliyomo kwenye rojo husaidia kuchelewesha hali hiyo. Ikibaki, weka kwenye friza, sio kwenye friji, kisha uipashe kwa mvuke.

Wali unaoitwa dawa

Kitamu kingine kinachotegemea kunazi ni yaksik, au yakbap. Ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, kisha ukachanganywa na asali, sosi ya soya, mafuta ya ufuta, kunazi, chesnati na mbegu za msonobari. Matokeo yake ni wali wa kahawia unaong'aa, unaoliwa kama kitafunwa.

Neno "yak" maana yake ni dawa. Katika upishi wa zamani wa Korea asali ilihesabiwa kuwa dawa, hivyo vyakula vilivyotiwa asali vikabeba jina hilo.

Yaksik huliwa hasa siku ya 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya mwezi, wakati mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka unapoonekana. Chanzo chake kinaelezwa kwa hadithi iliyomo kwenye Samguk Yusa, kitabu cha karne ya 13 kilichokusanywa na mtawa Iryeon.

Hadithi inasema mwaka 488 mfalme Soji wa Silla aliokolewa na kunguru. Ndege huyo alimwongoza mtu wa mfalme mpaka ikapatikana barua ya onyo, na njama ya kumuua mfalme ikafichuka. Tangu hapo, siku hiyo ikawa ya kuwatolea kunguru mchele wa kunata. Kunazi na asali ni mapambo ya vizazi vilivyofuata.

Kunazi inayopondwa kisha ikaumbwa upya

Kwenye vitafunwa vya jumba la kifalme, kunazi ilikuwa na njia mbili za kupikwa, na kila moja ina jina lake.

Ya kwanza ni daechucho. Hapa tunda linabaki zima. Kokwa hutolewa, nafasi yake hujazwa mbegu za msonobari, kisha kunazi huchemshwa taratibu kwenye asali na mdalasini.

Ya pili ni joran. Hapa kunazi hukatwakatwa mpaka iwe laini, hupikwa kwa asali na mdalasini mpaka ishikane, halafu huumbwa tena kwa mkono ifanane na kunazi nzima. Kwenye ncha huchomekwa mbegu ya msonobari. Anayekula anaona tunda, lakini mdomoni hakuna kokwa wala ganda gumu.

Kwa nini kunazi na sio tunda lingine?

Kama unafuatilia tamthilia za Kikorea, huenda umeshaona tukio hili: bibi harusi na bwana harusi wametandaza kitambaa, na wazazi wa mume wanawarushia matunda. Hizo ni kunazi na chesnati. Sherehe inaitwa pyebaek, na matunda hayo ni dua ya kupata watoto. Mkunazi huzaa sana, na Wakorea husema kila ua lake halikosi kuacha tunda.

Kunazi pia huwekwa kwenye meza ya kuwakumbuka mababu, pamoja na chesnati, mapeasi na persimoni. Maelezo yanayopendwa ni kwamba kunazi ina kokwa moja, kama vile nchi ina mfalme mmoja.

Kwa hiyo keki yenye kunazi sio kitu cha kula tu. Mwezi Novemba 2021 Korea Kusini iliutangaza utengenezaji wa tteok, pamoja na desturi ya kuigawa kwa majirani, kuwa urithi wa taifa.

Njia ya mkato, na kinachopotea

Sasa turudi kwenye sukari iliyounguzwa. Kuyeyusha sukari mpaka iwe kahawia ni kazi ya dakika chache. Rojo la kunazi ni kazi ya saa. Kwa mtu anayepika yaksik ya kuuza, hesabu ni rahisi, na wengi hutumia sukari hiyo au sukari ya kahawia kupata rangi.

Sio udanganyifu, na wapo wanaochanganya vyote viwili. Ila ladha sio ileile. Sukari iliyounguzwa ina utamu mkali wenye uchungu kwa mbali. Daechugo ina utamu wa pole, uchachu kidogo na harufu ya tunda. Rangi yake inavuta kwenye wekundu, na ukiitazama kwa karibu unaona chembe ndogondogo za nyama ya kunazi.

Kuna kingine kinachopotea. Ujuzi wa kupima unyevu kwa kiganja, au wa kujua rojo limeiva kwa kuangalia mwiko, haujifunzwi kwa kununua chupa. Unajifunzwa kwa kusimama pale jikoni na aliyeufanya kabla yako.

Je, ni tamu isiyo na madhara?

Hapa inabidi kuwa makini. Mitandaoni daechugo husifiwa kwamba haina sukari. Ukweli ni kwamba haina sukari iliyoongezwa. Kunazi kavu yenyewe ina sukari nyingi ya asili, na kuchemsha mpaka maji yapungue kunaikusanya zaidi. Mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu asali au tende, na mchele ulioko ndani ya keki nao auhesabu.

Na jina "dawa" lisikuchanganye. Kunazi hutumika kwenye tiba za asili za Korea, lakini kipande cha yaksik hakichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa na daktari.

La mwisho ni usalama. Tteok iliyotwangwa inanata na kuvutika, hivyo inaweza kumkaba mtu. Kwa watoto wadogo na wazee, katakata vipande vidogo na wasile kwa haraka.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Tafuta kunazi nyekundu zilizokaushwa kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kichina au Kikorea. Chagua zenye ganda linalong'aa na nyama nene, zisizo na matundu ya wadudu.

Ukizikosa, tende zitakupa rangi na utamu, ila ladha itakuwa ya tende, na ni tamu zaidi, kwa hiyo punguza sukari kwenye unga. Kunazi za kwetu nazo zinafaa kwa majaribio, lakini zitakupa rojo kidogo na uchachu zaidi.

Anza na robo kilo, sufuria yenye kitako kizito na moto mdogo. Na simu iweke mbali: rojo likifika hatua ya mwisho, dakika mbili za kutazama pembeni zinatosha kuliunguza.