Chembe za nano zinavyousaidia mfupa kuunga

Mtu akivunjika muundi hufungwa hogo au huwekewa vyuma, kisha huambiwa asubiri: wiki 6, wiki 12, pengine zaidi. Kwa dereva wa bodaboda, ambaye asipotoka hali, kungoja huko ni mateso. Na wapo ambao mfupa hukataa kuunga, hasa kipande kikubwa kinapopotea, kidonda kinapoingia vijidudu, au mgonjwa anapovuta sigara.

Kwa kawaida mfupa hujiunga wenyewe. Damu huganda mahali palipovunjika. Donge hilo huita seli za kinga, kisha seli za ujenzi, ambazo hutandaza gegedu kati ya ncha mbili. Polepole gegedu hujaa madini na kugeuka mfupa. Lakini pengo likiwa pana mno, seli hukosa pa kushika.

Hapo daktari humega mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza. Njia hii ni nzuri, ila humwachia mgonjwa kidonda cha pili, na mfupa wa kumega una kikomo.

Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno. Mfupa ni kama nguzo ya jengo: nyuzi za kolajeni ndizo nondo, na fuwele za kalsiamu na fosfeti, ziitwazo haidroksiapataiti, ndiyo zege. Unene wa fuwele moja ni nanometa chache tu, ilhali unywele una upana wa nanometa 80,000 hivi. Maabara hutengeneza fuwele za kiwango hichohicho na kuzichanganya na kolajeni au jeli, zikawa kiunzi chenye matundu kama sifongo. Seli na mishipa ya damu hupenya humo, na kadiri mfupa mpya unavyoota, kiunzi huyeyuka taratibu. Chembe nyingine hubebeshwa antibaotiki, au zile protini za kuamsha ujenzi wa mfupa ambazo Marshall Urist wa Marekani alizifungulia njia mwaka 1965.

Baadhi ya vijazo vya pengo vyenye fuwele hizi tayari hutumika hospitalini katika nchi kadhaa. Hata hivyo, tafiti nyingi bado zimeishia kwa panya na sungura. Ni lazima ijulikane chembe zinazotoroka huishia wapi mwilini, na bei lazima ishuke. Tena kijazo hakibebi uzito wa mwili. Vyuma bado vinahitajika.

Basi asikudanganye mtu kwa poda au kidonge cha "nano" cha mtaani. Kijazo cha kweli huwekwa na daktari, ndani ya pengo lenyewe. Mtu akivunjika, mfungeni gango, msimnyooshe kwa nguvu, mumwahishe hospitali. Kidonda kikiwa wazi, kila saa ina thamani. Kisha aache sigara na ale vizuri. Dagaa anayetafunwa na mifupa yake humpa protini na kalsiamu, yaani nondo na zege kwa pamoja.